Viungo Ishirini na Vinane

Mimi si daktari. Kazi yangu kuhesabu.
Bima ilinituma Łódź, Februari, theluji imegeuka tope,
ghorofa ya tatu ya kiwanda kilichokuwa cha pamba
na sasa ni kliniki ya baridi yabisi.
Nikapewa meza, chai ya limau, mafaili mia mbili na kumi.

Karatasi yangu ina maswali yake:
Je, mgonjwa alionwa kabla ya wiki sita
tangu kidole cha kwanza kuvimba?
Je, dawa ilianza mapema,
au moto uliachwa ukala boriti kwanza?
Je, damu imepimwa, ini limejuliwa hali?
Je, kuna aliyeketi naye, akambonyeza
kiungo kwa kiungo, akauliza, hapa? na hapa?

Mabega mawili, viwiko viwili,
vifundo viwili vya mikono,
vifundo ishirini vya vidole, magoti mawili.
Jumla ishirini na vinane.
Ndiyo. Weka alama. Faili linalofuata.

Nesi Halszka aliniona nikipiga miayo.
"Usiidharau karatasi hiyo," akasema.
"Kabla yake walikuja baada ya miaka miwili,
mikono imejipinda kama mizizi ya tangawizi,
nasi tukiwapa pole na vidonge vya maumivu.
Pole haikuwa na tarehe. Karatasi ina tarehe."
Nikanyamaza, nikanywa chai.

Faili la mia na arobaini: Genowefa Stelmach,
miaka sitini na tisa, mfumaji mstaafu.
Alionwa siku ya thelathini na moja. Dawa, siku ile ile.
Damu, kila wakati wake. Ugonjwa: umetulia.
Faili safi kama shuka iliyopigwa pasi.
Nililipenda faili lile, nakiri.

Nikatoka kunyoosha mgongo, nikamkuta ukumbini
akihangaika na kamba ya kiatu.
"Kijana, umri wako unainama. Nifungie."
Nikapiga goti. Viatu vya kiume,
namba arobaini na nne, ngozi imekatwa kwa kisu mbele
vidole vipate pa kutokea.
"Vya marehemu Bogumił," akasema. "Vyangu havinitoshi tena."

Nikamuuliza juu ya nyayo, kama zinauma.
"Kutoka hapa hadi kituo cha tramu
nasimama mara nne. Najifanya natazama madirisha ya maduka.
Najua bei za taa zote za mtaa huu."
Mbona hukumwambia daktari?
"Huhesabu mikono na magoti, mwanangu. Akimaliza hufurahi."

Basi nikachungulia na dodoso lake.
*Kufungua chupa yenye kifuniko:* bila shida.
Bila shida, mama?
"Sijanunua chupa tangu azikwe Bogumił.
Matango ya chumvi nanunua ya kupimiwa, kwenye mfuko.
Shida itoke wapi?"
Akacheka. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa;
vyake kumi, saa za alfajiri, havivunji hata yai,
naye hili pia amelizoea, anakula mkate.

Hakudanganya mtu. Wala daktari, wala karatasi.
Mizani hupima kilichowekwa juu yake,
na nyayo zake hakuna aliyezipandisha.

Jioni nikajumlisha.
Kliniki imepata tisini na sita kwa mia,
namba ya haki, nimeirudia mara tatu,
na wapo watu wanaoshika kijiko leo kwa sababu yake.
Nikaweka sahihi.

Kisha, pembeni mwa ukurasa wa mia na arobaini,
mahali pasipo na kisanduku,
nikachora kiatu kwa penseli,
kikubwa, kimepasuliwa mbele, kamba nimeifunga fundo mbili.

Mashine ya makao makuu haisomi penseli.
Nimekikoleza kwa wino.